Shangazi, Mbuzi wa Shukrani Asubiri Kwanza

Kwa Bibi Gertrud, vyumba vya chini,
Kijiji cha Tannbach,
Ujerumani ya Kusini.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Hanna,

Shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe. Leo imetimia miaka mitatu na miezi saba tangu mimi na Gadiel tuondoke Nkoaranga, asubuhi ile uliposhuka nasi mpaka Usa River ukiwa na mkungu wa ndizi kichwani, ukisisitiza kwamba ndege kubwa namna ile haiwezi kukosa mahali pa kuuweka.

Magoti yanaendeleaje? Mdogo wetu Angel aliniambia kwamba daktari alikukataza kupanda kile kinjia cha juu, ukamwitikia vizuri sana, kisha ukarudi nyumbani kwa kinjia hichohicho. Mimi ni mtoto wako, siwezi kukugombeza. Lakini ukifika kwenye migomba ya Mama, kaa upumzike kidogo. Kahawa mmeanza kuchuma? Na yule ndama aliyekataa kunyonya, alikubali?

Mimi ni mzima. Mgongo unauma kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi unapumzika, na Jumapili unaanza kuuma tena kwa kuikumbuka Jumatatu. Mikono imekuwa migumu kiasi kwamba nikigusa kioo cha simu, simu haijui kama nimeigusa. Lakini chakula napata, viatu vya baridi ninavyo, na usingizi naupata kabla sijamaliza kuomba. Mungu ananisamehe, nadhani.

Barua hii nimempa mama mmoja wa usharika wa huku anayekuja huko na wageni wenzake. Ningeweza kutuma sauti kwenye simu ya Angel, lakini tunajua unavyosikiliza sauti. Unaweka simu juu ya meza, unaifungua mpaka mwisho, na wanaochuma kahawa ng'ambo ya mto wanajibu kabla yako. Haya ninayoandika ni ya kwako. Vaa miwani, usome mwenyewe.

Sasa nijibu swali lako. Kwenye ile sauti ya mwezi uliopita ulisema: "Wewe Elirehema, mbona unapiga wewe tu? Mwanangu umemweka wapi? Nasikia mmegombana. Nijibu jambo moja tu, mwezi wa kumi mnakuja wawili au mmoja?"

Shangazi, mwezi wa kumi hatuji wawili, wala haji mmoja.

Gadiel yuko hapa, chumba cha pili, namsikia anakohoa. Hajafungwa, haumwi, hajaoa. Ila mtihani wa mwisho wa ufundi wa kupaua tuliufanya mwezi wa saba, mimi nikafaulu na yeye hakufaulu. Hiyo ndiyo sababu hapigi simu. Nilimwambia wazi kwamba nakuandikia. Akasema, "Andika unachotaka," akageukia ukutani. Nimechukulia kwamba ni ruhusa.

Kilichoniogopesha si mtihani. Mtihani unarudiwa. Kilichoniogopesha ni kwamba alitaka kupotea. Nitakueleza, lakini ngoja kwanza niondoe hilo la ugomvi, maana najua aliyekuletea hiyo habari na najua ulivyoibeba.

Ni kweli tuligombana. Ila habari imekufikia ikiwa imechelewa karibu miaka miwili. Ilikuwa majira ya baridi, mwaka wetu wa pili wa ufundi. Tulikuwa tumesimamisha kenchi, zile mbao za kubeba paa, za nyumba moja. Huku, kenchi zikishasimama zote, mafundi hufunga mti mdogo wa kijani juu kabisa ya paa, na fundi mmoja husimama kulekule juu akaiombea nyumba heri, wenye nyumba na majirani wakisikiliza chini. Bwana Ansgar, ambaye ndiye bosi wetu, alinipa mimi nafasi hiyo. Nilikariri maneno wiki nzima. Nilipofika juu, nikaona nyuso zote zile zinanitazama, maneno yakanitoka yote. Nikabaki nimesimama kama bendera isiyo na upepo. Gadiel akapaza sauti kwa Kijerumani kutoka chini: "Mumsamehe, huyu shule aliiacha kidato cha pili!"

Watu wakacheka. Mimi nikashuka ngazi nikamwambia kwa Kimeru neno ambalo siliandiki humu, kwa sababu barua hii inabebwa na mtu wa kanisa.

Basi tukanuniana. Tunakaa nyumba moja, milango inatazamana, jiko ni la wote wawili, lakini kila mtu akawa anasonga ugali wake kwenye sufuria yake. Kazini tulibeba boriti moja, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule, na aliyetaka kusema "shusha" alimwomba Bwana Ansgar amwambie mwenzake ashushe. Huyu Bwana Ansgar ni mtu anayesalimia kwa kidevu. Hata yeye alichoka, akatuuliza kama Kiswahili chetu kimeisha.

Ikapita hivyo kipindi kirefu cha theluji. Halafu jioni moja narudi kutoka dukani, nikakuta koridoni, katikati ya mlango wangu na wa Gadiel, masale. Shangazi, masale kabisa! Majani marefu, mabichi, yanang'aa, yamepandwa kwenye chungu.

Nilisimama pale na mifuko yangu mkononi. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kwetu mtu haleti masale mlangoni kwako kwa urembo. Ukiletewa, umeombwa radhi, na aliyeombwa radhi kwa masale hakatai hata kama roho bado inachemka. Nikawaza, huyu kijana ameyatoa wapi masale kwenye barafu hii? Amezunguka wapi na wapi? Hasira ikaniisha palepale. Tena nikaona haya kidogo, kwamba yeye mdogo ndiye ametangulia.

Nikaingia jikoni nikapika loshoro. Mtindi wa huku ni mwepesi, na mahindi yalikuwa ya kopo, lakini ilikuwa loshoro. Nikagonga mlango wake nikamwambia, "Nimepokea."

Akanitazama, uso umemlegea. Akasema, "Hata mimi nimepokea."

Tukala. Yeye alisema tu, "Hii loshoro ni mbaya." Nikamwambia, "Kula, usihubiri." Basi, yakaisha. Yale masale tukawa tunayamwagilia kwa zamu.

Baadaye, tulikuwa tumeshazoea kucheka tena, akashuka Bibi Gertrud, mwenye nyumba, mama mzee anayekaa juu yetu. Akatushukuru sana kwa kumtunzia ua lake. Akasema kwake walikuwa wanapaka rangi, akaogopa harufu itaua ua, ndiyo akaliweka koridoni kwetu, na sasa rangi imekauka. Akabeba chungu chake akapanda nacho ngazi.

Tukabaki tunatazamana.

"Kwa hiyo si wewe uliyeleta?" Gadiel akauliza.

"Kwani si wewe?"

"Mimi? Mimi nilikuwa bado nimekununia vizuri kabisa!"

"Sasa ile 'nimepokea' yako ilikuwa ya nini?"

"Nilidhani wewe ndiye umeniletea! Nikasema kaka mkubwa amejishusha, nikikataa nitapata laana."

Shangazi, tulicheka mpaka Bibi Gertrud akarudi ngazini kuuliza kama kuna aliyeumia. Nikamwambia Gadiel, "Kama ni hivyo, turudishe ugomvi wetu." Akasema, "Haiwezekani. Masale yakishapokelewa yamepokelewa. Huyo bibi amechukua chungu tu."

Mpaka leo hakuna kati yetu aliyemwomba mwenzake radhi, na hatujagombana tena. Kwa hiyo aliyekuletea habari ya ugomvi, mrudishie. Na kama ni kweli ninavyosikia, kwamba wewe na Mama hamkai tena benchi moja kanisani, kila mmoja akimtetea mwanawe, nawaomba mkae. Watoto wenyewe walishamaliza.

Baada ya hapo ndipo Gadiel alipoanza kunifundisha. Huku fundi hasomi kwa mikono peke yake. Kuna shule, kuna hesabu za mwinamo wa paa, kuna michoro, na vyote vinaulizwa kwa Kijerumani. Ule mtihani wa katikati, upande wa karatasi, nilikuwa nimeanguka vibaya. Gadiel alikuwa amepita vizuri. Tukishakula, anaondoa sahani, anakunja boksi tupu la maziwa mpaka linakuwa paa, analikata kwa kisu, ananiambia, "Hapa urefu ni ngapi?" Nikikosea, anachukua boksi jingine.

Nilimwambia siku moja, "Mwalimu gani wewe, unafundisha kwa maboksi ya maziwa?"

Akajibu, "Mwanafunzi gani wewe? Tumbo langu limejaa maziwa kwa ajili ya kichwa chako."

Na ni kweli, alikuwa anayanywa yote ili boksi liwe tupu. Alifanya hivyo mwaka na zaidi. Aliporudi kazini amechoka, alifanya. Alipokuwa na mafua, alifanya. Hakuwahi kunirudishia ile habari ya kidato cha pili. Nilipoingia kwenye chumba cha mtihani mwezi wa saba, kila swali la paa niliona boksi la maziwa, na nikajibu. Hivyo ndivyo mwanao alivyonifaulisha, na nataka ujue kabla mtu mwingine hajakuhadithia kwamba Elirehema ana akili kuliko Gadiel.

Yeye karatasi alifaulu. Alikwama kwenye vitendo. Kuanzia asubuhi mpaka jioni kila mtu anatengeneza kenchi ndogo za paa lenye kona, mbao unahesabiwa, msimamizi anapita nyuma yako na mikono mgongoni. Gadiel akaikata mbao ya kona upande wa kushoto badala ya kulia. Ni kosa ambalo sote tunalifanya kazini; unajilaumu, unachukua mbao nyingine, unaendelea. Siku ile hakukuwa na mbao nyingine. Akasimama nayo mkononi, Shangazi. Nilikuwa meza ya tatu, nilimwona. Kuanzia hapo mikono ikawa si yake.

Majibu yalipotoka, nilirudi nikamkuta anapanga nguo kwenye begi. Kuna vijana aliofahamiana nao, wanafanya kazi ya kuosha vyombo kwenye mahoteli katika mji mmoja mkubwa, mbali na hapa. Alitaka kwenda kwao bila kuaga, abadilishe na namba ya simu. Nikakaa juu ya begi.

"Ondoka kwenye begi langu."

"Siondoki."

"Wewe si umefaulu? Nenda nyumbani ukachinjiwe."

"Nikachinjiwe, halafu mama yako aniulize mguu wangu mwingine nimeuacha wapi?"

"Mwambie nimekufa."

"Namba yake unayo. Mpigie umwambie mwenyewe."

Akanivuta mkono, mimi nikazidi kujikalia. Wewe unajua uzito wangu. Akavuta begi, kamba ikakatika, akaanguka chini. Nilidhani atanipiga. Akabaki hapohapo sakafuni, akalia. Sijawahi kumwona Gadiel analia, hata siku tulipomzika baba yake hakulia mbele ya watu. Akasema, "Kaka, nitapitaje pale usharikani? Wazee wote wale watanitazama." Nikaendelea tu kukaa juu ya begi.

Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Ansgar. Nikamweleza yote, hata ya mahoteli. Alikuwa ananoa patasi, hakuacha kunoa. Alipomaliza akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema tangu tumjue: mwezi wa pili mtihani unarudiwa, Gadiel ataendelea kupata kazi kwake mpaka wakati huo, karakana iko wazi jioni baada ya kazi, mbao za mabaki zipo. Kisha akaniuliza, "Lakini nani atamshikia mbao?"

Nikasema, mimi.

Nisikudanganye, Shangazi. Nilisema hivyo halafu nikatoka nje nikajuta. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kwamba mwezi wa kumi nitakuwa shambani. Nimechoka. Sitaki kuona theluji nyingine. Juu ya paa wakati wa baridi misumari inaganda kwenye vidole, na mimi nimeshapata cheti, hakuna kinachonishika hapa. Siku mbili nzima nilikuwa na hasira na Gadiel, nikawa namjibu kwa mkato, naye hakujua kosa lake ni nini.

Halafu nikakukumbuka wewe. Unakumbuka kikao kile cha usharika, walipochagua watu wa kuja kusoma huku? Walitaka waliomaliza kidato cha nne tu. Gadiel alikuwa wa kwanza kwenye majina, mimi wakasema nikae pembeni, nirudi kiwanda cha mbao Olmotonyi nikasukume magogo. Nilikuwa nimeshasimama niondoke. Wewe ndiye ulisema, "Huyu mtoto wa kaka yangu ameishi na mbao kuliko nyie wote mlioko humu. Kama yeye haendi, na wangu habanduki." Wazee wakadhani ni utani. Ukatoa sweta kwenye kikapu ukaanza kufuma, kama mtu aliyekuja kukaa mpaka jioni. Wakakusubiri umalize. Hukumaliza. Wakaandika jina langu.

Gadiel aliniambia tukiwa kwenye ndege kwamba siku ile aliona safari yake inapotelea kwenye uzi wa sweta. Lakini hakukuambia unyamaze. Kwa hiyo ulihatarisha safari ya mwanao wa kumzaa kwa ajili yangu, naye akakubali. Sikuwahi kukushukuru kwa hilo. Kwetu mtu anasema "asante" kwa chai, mambo makubwa tunanyamaza nayo. Leo nasema. Asante, Shangazi. Kama leo nina ufundi mkononi, ni kwa sababu siku ile ulikataa kuinuka kwenye kiti.

Basi siwezi kufika nyumbani mwezi wa kumi, nile nyama ya mbuzi wako, na mwanao yuko kwenye mji wa watu anaosha sahani kwa aibu. Nimekaa. Gadiel alipojua akaja juu: "Nani amekuambia nahitaji mlinzi?" Nikamwambia, "Mimi si mlinzi, mimi ni mshika mbao." Alinuna siku ile. Siku iliyofuata alikuja karakana.

Sasa anaendelea hivi. Kila jioni anakata ile mbao ya kona. Mwanzoni alikuwa akifika pale pale alipokosea, anaweka msumeno chini anapima upya. Wiki hii ameikata vizuri mara zote, na Ijumaa aliikata huku ananitania kuhusu ndevu zangu. Mimi nimefanya kazi na mbao tangu nikiwa kijana, nikiona mkono uliotulia naujua. Atafaulu. Sisemi hivyo kukufariji, nasema kwa sababu namwona.

Ninachokuomba ni hiki. Mbuzi wa shukrani asubiri. Najua umeshamwambia mchungaji Jumapili gani, najua umeshawaalika watu, na najua itakuwa vigumu kurudi kuwaambia. Waambie kazi ya huku haijaisha. Si uongo. Atakayetaka kujua zaidi mwambie aniulize mimi.

Na umpigie Gadiel. Mpigie Jumapili mchana, huwa yuko chumbani. Tafadhali usimwambie pole. Usimwambie Mungu ana makusudi yake, hayo ameshaambiwa na kila mtu wa hapa. Mgombeze. Mgombeze kwa kutokupigia simu, kwa sauti ile unayonigombezea mimi, mpaka Angel akuombe upunguze. Akigombezwa atajua bado nafasi yake nyumbani ipo. Nimemsikia mara tatu anafungua kwenye simu yangu ile sauti yako ya mwezi uliopita, uliyonitumia mimi, pale unaposema "mwanangu umemweka wapi". Anadhani sisikii.

Kuna wengine nataka uwafikishie shukrani zangu. Mama, kwa kahawa anayotutumia kila wageni wanapokuja. Tunaikaanga wenyewe, nyumba nzima inanukia kwetu, na Bwana Ansgar anakuja Jumamosi akijifanya amesahau nyundo. Anakunywa vikombe viwili anaondoka bila nyundo.

Lekishon, rafiki yangu wa kiwanda cha mbao Olmotonyi, mwambie viatu alivyovua mguuni kwake akanivalisha siku ya kuagana vimefika mwisho, lakini vilinipitisha mwaka wa kwanza wote, nilipokuwa sijui hata duka la viatu liko wapi. Aliniambia nisivirudishe, nirudi na habari. Ninazo habari za kutosha wiki nzima.

Angel, mwambie nashukuru kwa kutusomea Biblia kwenye simu kila Jumapili ile miezi ya mwanzo, tulipokuwa hatuelewi hata neno moja la ibada ya huku. Na asikubali kuvishwa pete yoyote kabla kaka zake hatujafika kumtazama huyo kijana usoni. Hilo Gadiel ameniambia mwenyewe niliandike, kwa hiyo unaona kwamba hajageukia ukuta kabisa.

Wazee wa usharika wasalimie. Wale waliotaka nikae pembeni wasalimie zaidi. Walituombea wote wawili bila kubagua, nami sina kinyongo na mtu.

Mungu akutunze, Shangazi, ayapunguzie magoti yako maumivu, aibariki kahawa na ng'ombe, na aliweke jicho lake juu ya nyumba yako mpaka waliotoka humo warudi.

Mtihani wa Gadiel ni wiki ya tatu ya mwezi wa pili. Bwana Ansgar ameshatupa ruhusa ya kuondoka baada ya hapo. Tutatua uwanja wa ndege wa KIA Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa tatu, asubuhi, na tutafika nyumbani siku hiyohiyo kama masika hayajaanza kuharibu barabara ya kupanda kwetu. Gadiel akifaulu, tutakuja wawili. Asipofaulu, tutakuja wawili.

Mwanao anayekupenda na kukuheshimu siku zote,

Elirehema Nanyaro